Neno Ndani ya Neno

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hulelewa katika fumbo. Mama atakaye kumkanya mwanawe mbele ya mgeni humkaripia paka, na mtoto akajua aliyekaripiwa. Mke aliyekosewa na jirani hapazi sauti. Huvaa kanga yenye maneno yanayofaa, akapita njia ile mara mbili, kanga ikasema na yeye amenyamaza. Mshairi hutaja ua na nyuki. Wapita njia wakasikia habari za bustani, wajuzi wakasikia habari za mapenzi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Basi katika usemi mmoja huwamo maneno mawili na wasikilizaji wawili, na hakuna dhuluma katika jambo hilo, kwa sababu aliyefumbiwa leo aweza kuerevuka kesho. Mlango wa fumbo hufungwa kwa komeo, haufungwi kwa ukuta.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alikuwa amefundisha ushairi kwa miaka mingi, na kwa hiyo alidhani kuwa hakuna fumbo liwezalo kuingia nyumbani mwake bila ya kupiga hodi katika masikio yake. Dhana hiyo ilivunjika jioni moja, wakati wa taarifa ya habari. Picha ya televisheni ilikatika, na mahali pa msomaji wa habari pakatokea maandishi ya kueleza kwamba malipo ya mwezi yamekwisha. Mjukuu wake, msichana aliyekuwa akisoma uhandisi wa mawasiliano chuoni na amekuja likizo, alichukua simu yake, akabonyeza mara chache, akalipa.

"Usikizime, Babu," alisema. "Kiache kikiwaka."

Kikaachwa kikiwaka. Baada ya dakika chache msomaji wa habari alirudi, akiendelea na neno lake kana kwamba hakuwa ameondoka. Mwalimu aliitazama simu, akakitazama kile kisanduku kidogo chini ya televisheni. Baina ya viwili hivyo hapakuwa na waya. Hakuna mtu aliyeingia, wala hakuna sauti iliyosikika.

"Bibi," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita kwa utani, msichana yule akiwa amerithi jina la marehemu mkewe, "nani amekwenda kukiambia kwamba tumelipa?"

Alijibiwa kwamba hakuna aliyekwenda, neno lilishuka. Habari ya malipo ilifika katika mitambo ya kampuni. Mitambo ikaunganisha amri pamoja na picha na sauti za vipindi. Yote yakarushwa hadi katika setilaiti iliyo juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kutoka huko yakaanguka juu ya nchi nzima kama mvua. Kila kisanduku katika kila nyumba kilipokea amri ile. Lakini ndani ya amri mlikuwamo namba, na kila kisanduku kina namba yake. Visivyoitwa viliiacha ipite. Kilichoitwa kilifungua. Na kwa kuwa amri hurudiwa tena na tena kwa muda, chombo hutakiwa kiwe macho ili kisiikose.

"Kumbe wote wameambiwa?" aliuliza mwalimu.

"Wote wameambiwa, Babu. Mmoja ndiye aliyeelewa."

Usiku ule mwalimu hakulala mapema. Fumbo lilimzunguka kichwani, na zaidi lilimzunguka jina la chombo chenyewe. Katika Dar es Salaam mitambo ya televisheni ya mtindo wa zamani ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba, 1912 ikiwa imepita miaka mia moja. Yaani mwaka 2012. Na tangu hapo kila mwenye televisheni ya zamani alilazimika kununua kisanduku cha kuisomea mawimbi mapya. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakungoja kamusi. Walikiita king'amuzi. Kung'amua ni kujua jambo lililofichika. Ni kazi ya mwerevu katika methali. Watu wengi walilitamka jina hilo madukani wasifikiri zaidi, lakini mwalimu wa lugha alisikia ndani yake ungamo kubwa. Ikiwa chombo ndicho king'amuzi, basi fumbo limesemwa kwa chombo. Na ikiwa fumbo lina mwerevu mmoja na mjinga mmoja, na mwerevu ni kile kisanduku, ni nani aliyebaki katika chumba kile kuwa mjinga?

Alianza kuhesabu miito aliyoijua. Kwanza lilikuja la mgambo, pembe ambayo likilia kuna jambo. Sauti yake iliamrisha mji mzima, lakini iliamrisha watu, nao walijua kwamba wameamrishwa. Mvivu aliyebaki kitandani alibaki kwa hiari na kwa aibu yake. Kisha zilikuja sauti za simu ya upepo, kama redio ilivyoitwa katika utoto wake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, naye alikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Alikuwa akisimama nje ya baraza la mwenye redio, akangoja vile vipigo vya saa vilivyokuwa vikitangulia habari. Vipigo hivyo sita viliwekwa hewani huko Uingereza tangu mwaka 1924, ili mwenye saa mbovu airekebishe. Ilikuwa ishara ndani ya matangazo, lakini ilikuwa ishara ya wazi. Mwenye saa na asiye na saa waliisikia sawasawa.

Hata ishara ya vita aliyopenda kuwasimulia wanafunzi wake ilikuwa ya binadamu. Katika siku za kwanza za Juni 1944, redio ya London ilisoma kwa Kifaransa maneno ya shairi la Paul Verlaine. Mfaransa wa kawaida alisikia shairi la majira ya kupukutika majani. Wapiganaji wa siri waliopangiwa fumbo hilo walisikia kuwa majeshi ya ukombozi yamekaribia, nao wakajiandaa kuharibu njia za reli. Wajerumani nao walikuwa wakisikiliza. Wapelelezi wao walilijua fumbo, jeshi lao moja likatahadharishwa, lakini jeshi lililolinda pwani ya Normandy halikuarifiwa. Mwalimu alikuwa akisimulia habari hiyo ili wanafunzi waone kwamba shairi laweza kubomoa reli. Sasa alitambua jambo jingine katika kisa kile: kila aliyekuwamo, rafiki na adui, alikuwa na masikio, akili na dhamiri. Neno lilipita katika mtu kabla ya kuwa tendo.

Ni lini basi neno lilimruka mtu? Asubuhi alimwuliza mjukuu wake, naye alimjibu kwa upole wa mwanafunzi aliyepata zamu ya kufundisha.

Picha ya televisheni ya zamani ya Uingereza ilichorwa kwa mistari 625, lakini si yote iliyoonekana. Mwonzi uliochora picha ulipofika chini ya kioo ulihitaji muda mdogo wa kurudi juu, na katika muda huo mistari kadhaa ilipita mitupu. Wahandisi hawapendi chombo kipite kitupu, kama nahodha asivyopenda jahazi lirudi bila shehena. Wakapakia humo herufi na tarakimu. Mwaka 1974 BBC ilianza huduma ya Ceefax, kurasa za habari, hali ya hewa na matokeo ya michezo zilizosafiri katika mistari ile isiyoonekana, zikasomwa na mwenye chombo cha kuzifichua. Huduma hiyo ilidumu hadi mwaka 2012. Huko Marekani, kuanzia Machi 1980, mstari wa 21 ulianza kubeba maneno ya wasemaji wa vipindi, ili kiziwi ayasome chini ya picha. Chombo cha kuyafichua kilinunuliwa peke yake mpaka Bunge la nchi ile likatunga sheria mwaka 1990, na kwa sheria hiyo kila televisheni yenye kioo cha inchi 13 au zaidi ikatakiwa kutengenezwa na uwezo huo ndani yake kuanzia Julai 1993.

Redio nayo haikubaki nyuma. Wimbi refu la kilohezi 198 lililobeba matangazo ya BBC kutoka Droitwich lilianza katika miaka ya 1980 kubeba pia amri za mita za umeme. Wimbi lilisukumwa kidogo sana mbele na nyuma, kwa kadiri ambayo redio ya kawaida haikuhisi. Mtu alikaa jikoni akisikiliza mchezo wa redio, na wimbi lile lile likaiamrisha mita iliyo ukutani iwashe joto la maji katika saa ambazo umeme huuzwa kwa bei nafuu. Mtambo huo ulitumika kwa miaka kama arobaini. Ulianza kuzimwa sehemu kwa sehemu katikati ya mwaka 2025.

Mwalimu alisikiliza akitikisa kichwa. Hakuweza kuyachukia mambo hayo. Zaidi ya hapo, alikuwa na sababu ya siri ya kuyapenda. Miaka ya karibuni masikio yake yalikuwa yakimwaga polepole. Alipozungumza na mtu aliutazama mdomo wake. Katika baraza alicheka wengine walipocheka. Binti yake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alijua, ingawa hakuambiwa, na kwa hiyo alimnunulia televisheni mpya, kubwa, yenye kuunganishwa na intaneti, iwezayo kuonyesha maandishi ya maneno katika baadhi ya chaneli na filamu. Sanduku lake lilikuwa bado halijafunguliwa. Mzee ambaye ulimwengu umeanza kumnong'oneza hawezi kulidharau neno lililofichwa, ikiwa neno hilo limefichwa ili lije limfikie yeye.

Alasiri ile televisheni mpya ilitundikwa. Ilipowashwa haikuonyesha kipindi. Ilionyesha maandishi marefu kwa Kiingereza, herufi ndogo, ukurasa juu ya ukurasa, na chini yake alama ya kukubali. Kidole cha msichana kilikuwa kimekwisha kufika juu ya rimoti.

"Ngoja, bibi," alisema mwalimu. "Wanasema nini?"

"Ni masharti tu, Babu. Kila mtu hukubali."

"Mimi nimeolewa na kila mtu?"

Msichana alicheka, lakini aliishusha rimoti. Mwalimu alikijua Kiingereza cha darasani. Kiingereza kile hakikuwa cha darasani. Kilikuwa cha mawakili, kilichoandikwa ili kiwepo, si ili kisomwe. Basi mjukuu alianza kusoma na kufasiri, na kazi aliyodhani kuwa ya dakika mbili iliwachukua mpaka magharibi.

Masharti mengine yalikuwa mepesi: televisheni ijirekebishie saa, ijiongezee maarifa mapya kutoka kwa mtengenezaji, ifuate amri za vituo vya matangazo. Sharti moja lilikuwa zito. Liliomba ruhusa ya kutambua kila kinachoonyeshwa juu ya kioo, ili mwenye nyumba aletewe vipindi na matangazo ya biashara yanayomfaa yeye.

Hapa ilibidi mjukuu aeleze zaidi. Katika matangazo ya siku hizi, alisema, kituo hutia alama isiyoonekana inayotaja mahali tangazo la biashara linapoanza na muda wake. Zamani alama kama hiyo ilisemeshwa mitambo ya kituo cha mkoani, ili kiondoe tangazo la mji mkuu na kutia la kwake. Leo huweza kusemeshwa chombo cha nyumbani. Uingereza, kampuni ya Sky ilianza jambo hilo mwaka 2014 kwa huduma iitwayo AdSmart: matangazo kadhaa huhifadhiwa mapema ndani ya kisanduku cha mteja, na alama ikifika kisanduku huchagua lile lililokusudiwa nyumba ile. Majirani wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja hutazama mpira ule ule, na mchezo ukisimama kila mmoja huonyeshwa kitu chake. Televisheni nyingine hazingoji alama. Huchukua vipande vya picha iliyo juu ya kioo, huvilinganisha na hazina kubwa iliyo mbali, zikatambua kipindi hata kama kimetoka katika kanda iliyouzwa dukani.

"Na wenye nyumba hujua?" aliuliza mwalimu.

Msichana alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushitakiwa na serikali kwamba televisheni zake milioni 11 zilikusanya habari za yaliyotazamwa, sekunde kwa sekunde, bila ya idhini ya wenyewe. Mwaka uliotangulia, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliwaandikia barua ya onyo watengenezaji 12 wa programu za simu. Programu zao zilikuwa na uwezo wa kusikiliza, kwa kinasa sauti cha simu, ishara zilizotiwa katika matangazo ya televisheni kwa sauti ambayo sikio la binadamu halipokei. Televisheni ikisema, simu iliyo mfukoni ingeweza kuitikia, na mwenye mfuko asijue kwamba mazungumzo yamepita.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa kiziwi mara mbili," alisema mwalimu. Alilisema kwa mzaha, lakini lilikuwa neno la kwanza aliloungama kuhusu masikio yake mbele ya mtu wa nyumbani, na mjukuu aliinama akijifanya anatafuta ukurasa.

Hata hivyo msichana hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alitetea ujuzi aliokuwa akiusomea. Vipindi havifanywi kwa maji ya kisima, alisema. Tangazo la biashara ndilo huwalipa waigizaji na wapiga picha. Ni heri mkulima aonyeshwe mbegu kuliko aonyeshwe manukato. Tena, kumtambua mtazamaji si kumchukia. Muuza duka mwema humjua mteja wake, humwekea sukari kabla hajaomba. Na ile ishara ndogo iliyoifungua televisheni jana, je, nayo si ya kutambua nyumba moja katika nchi nzima?

Hoja ilikuwa nzuri, na mwalimu aliipa haki yake. Lakini muuza duka, alijibu, humjua mteja, na mteja humjua muuza duka. Wakigombana, mmoja huhama duka. Muuza duka hapandi juu ya dari usiku kuhesabu vijiko. Ujirani ni kujuana. Kujua bila kujulikana kuna jina lingine.

Tena palikuwa na hatari iliyompita hata yule mfanyabiashara. Chombo kilichozoezwa kutii neno lililofichwa hakiulizi limetoka kwa nani. Mjukuu mwenyewe ndiye aliyetoa mifano. Tarehe 20 Februari 1971, mtumishi mmoja huko Marekani aliingiza kwa makosa utepe usiokuwa wake, na vituo vya redio vikapokea amri ya kutangaza hatari ya taifa zima. Amri ilikuwa na neno la siri lililo sahihi. Baadhi ya vituo vilitangaza. Vingine vikasita, kwa sababu wasomaji wa habari walilinganisha na habari nyingine, wakaona shaka. Ilichukua dakika kama 40 kosa kufutwa kwa neno lake la siri, na katika muda huo shaka ya binadamu ndiyo iliyokuwa ngao. Lakini tarehe 24 Oktoba 2014, kipindi cha burudani cha redio kilipiga hewani sauti za tahadhari zilizorekodiwa. Sauti zile ni lugha ya mitambo. Mitambo ya vituo vingine iliyokuwa ikisikiliza ilizielewa, ikazipokeza, na katika majimbo kadhaa televisheni za watu ziliacha vipindi vyao zikaonyesha onyo la dharura. Mwenye kipindi alitozwa dola milioni moja mwaka uliofuata. Hapakuwa na mtu wa kusita, maana hapakuwa na mtu.

Mfano mwingine ulikuwa wa kuchekesha, kwa kadiri ulivyoishia. Aprili 2017 kampuni ya vyakula ya Burger King ilionyesha katika televisheni tangazo la sekunde 15. Mwigizaji alitamka maneno ya kukiamsha chombo cha Google kinachokaa sebuleni na kujibu maswali, akauliza habari za mkate wao wa nyama. Katika nyumba za watu vyombo viliamka, vikaanza kusoma maelezo kutoka Wikipedia. Wenye mzaha wakayageuza maelezo yale ili vyombo visome matusi juu ya mkate ule. Baada ya saa chache Google ilikizuia chombo chake kisiitikie sauti ya tangazo lile. Mtu alikuwa amekaa katika kiti chake. Mgeni alisema kutoka kiooni. Mtumishi wa nyumba alimwitikia mgeni.

Mwalimu hakucheka. Aliona picha ya nyumba ambayo ndani yake vitu vinasemezana na mwenye nyumba amekaa katikati kama mtoto aliyefumbiwa na wakubwa. Tena mtoto hukua. Fumbo hili halina umri wa kulielewa. Mtu akiishi miaka mia masikio yake hayatasikia mlio ule, wala macho yake hayatauona mstari wa 21. Komeo limeondolewa, ukuta umejengwa.

Lakini mwalimu wa ushairi hakutaka kuwa mzee wa kulaani kila chombo kipya. Alikumbuka kwamba mstari ule ule uliofichwa ndio uliowapa viziwi maneno. Ubaya haumo katika kuficha, kama ubaya wa fumbo haumo katika kufumba. Basi alitafuta mizani, akapata maswali matatu. Je, mwenye nyumba anajua kwamba neno linasemwa? Je, akitaka kulifahamu, yuko wa kumfasiria kwa lugha yake? Je, akilikataa, atabaki na haki zake nyingine?

Akaviweka vitu katika mizani kimoja kimoja. Vipigo sita vya saa vilipita. Maandishi ya maneno yalipita kwa heshima, maana mtazamaji ndiye ayaitaye na ndiye ayafukuzaye. Mita ya Mwingereza ilipita, kwa kuwa mwenye nyumba aliingia mkataba akijua bei nafuu ina saa zake. King'amuzi chake mwenyewe kilipita vilevile: kilimfungia alipokosa kulipa na kilimfungulia alipolipa, hakulipenda jambo hilo, lakini alilijua. Mlio wa kusemeza simu mfukoni uliangushwa na swali la kwanza. Na lile sharti zito la televisheni mpya lilikwama katika swali la pili. Limetajwa, ndiyo, lakini limetajwa kwa namna ambayo mwalimu wa shule, mwenye miwani na nusu siku, alihitaji mhandisi pembeni ili alielewe. Nyumba ngapi zina mhandisi?

"Kataa hilo," alisema. "Mengine kubali."

Ikaonekana kwamba inawezekana. Palikuwa na alama ndogo, chini ya ukurasa wa mbali, ya kuliondoa sharti lile peke yake. Hakuna kidole chenye haraka ambacho kingeifikia. Televisheni ilionya kwamba baadhi ya huduma hazitafanya kazi. Mwalimu aliuliza kama maandishi ya maneno yamo katika hizo. Hayakuwamo. Basi ilitosha.

Walifungua filamu moja, na maandishi yakatokea chini ya picha. Mwalimu alisogeza kiti nyuma, mahali ambapo hajakaa kwa muda mrefu, kwa sababu hakuhitaji tena kuinamia sauti. Watu walisema naye aliwasoma. Walinong'ona naye alijua walichonong'ona. Mchekeshaji alipotoa mzaha mzee alicheka kwa wakati wake, kabla ya mjukuu.

Mjukuu hakuwa akitazama. Alikuwa ametoa simu yake, na kwa mara ya kwanza tangu aimiliki alikuwa akisoma orodha ya programu alizoziruhusu kukisikiliza kinasa sauti chake. Orodha ilikuwa ndefu kuliko alivyotazamia. Alizima moja, akazima ya pili. Ya tatu hakuweza kukumbuka aliiweka lini.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Hizo ni sheria, nazo ni njema. Lakini sheria haiwezi kumkubalia mtu wala kumkatalia, iwapo yeye hajui alichoulizwa. Kabla ya kurudi chuoni msichana aliketi mezani pa babu yake akaandika, kwa Kiswahili na kwa wino, ukurasa mmoja: chombo hiki kinasikia nini, kinamwambia nani, na kinakatazwa vipi. Alikusudia kuupeleka kwa mwalimu wake na kuomba uwe mwanzo wa kazi yake ya mwaka wa mwisho. Babu yake aliusahihisha kwa kalamu nyekundu, kama alivyozoea. Alifuta maneno mawili magumu, akaandika juu yake mawili mepesi. Juu ya ukurasa, mahali ambapo msichana alikuwa ameandika "Masharti", mzee aliandika "Hodi".